Mate ya Kigingi

Kilichoibwa kilikuwa mate. Inspekta alimwambia sajenti arudie, akidhani simu inakwaruza, na sajenti akarudia kwa raha zake zote: trei nzima ya vichupa vya mate imetoweka kwenye friza ya ukumbi wa judo, na mwenye mate hayo amelazwa chumba cha wagonjwa mahututi.

Hapo Inspekta hakucheka. Jalada la mgonjwa huyo lilikuwa mezani kwake tayari. Msichana wa judo, bingwa wa uzito wake, ambaye wenzake walimwita Kigingi kwa sababu kumng'oa chini ilikuwa shughuli pevu, alikuwa ameanguka katikati ya mazoezi bila kuguswa na mtu. Misuli yake ilichanika ndani kwa ndani, uchafu wake ukaziba figo, na sasa alikuwa akisafishwa damu kwa mashine. Baba yake alimfungulia kocha mashtaka. Alisema yule mtu amemtumikisha mwanawe kama punda, na hatalala mpaka amwone gerezani.

Kocha naye alikuwa na jibu moja tu. Kila asubuhi mate ya wachezaji wake yalipimwa ili ijulikane nani mwili wake umechoka apumzishwe na nani aendelee. Mate ya Kigingi yalisema yuko sawa. Majibu yalikuwepo kwenye kompyuta ya mtaalamu wa mate, lakini huyo mtaalamu na kocha ni marafiki wa kufa na kuzikana, kwa hiyo hakuna aliyeyaamini. Yaliyobaki ni mate yenyewe. Maabara ya polisi ingeyapima upya, na hapo neno la kocha lingesimama au lingeanguka.

Sasa mate hayapo.

"Nani anaiba mate, afande?" sajenti aliuliza walipofika ukumbini. Alikuwa mtu mzima aliyekaribia kustaafu, tumbo linamtangulia kila aendako, na aliamini kwamba chini ya kila kosa duniani utakuta mapenzi au pombe.

"Anayeyaogopa," Inspekta alimjibu.

Friza ilikuwa kwenye stoo nyuma ya ukumbi, kwa sababu pengine pa kuiweka hapakupatikana. Mavazi meupe ya judo yalining'inia ukuta mmoja, yananuka sabuni na jasho kwa pamoja. Ukuta wa pili uliegemezwa mikeka iliyochakaa. Mlango haukuvunjwa, kitasa hakikuwa na hata mkwaruzo. Mtaalamu wa alama za vidole alipaka unga wake kila mahali akapata alama za kila mtu, yaani hakupata kitu.

Inspekta alifunua friza. Ubaridi ulimpiga usoni. Kila mchezaji alikuwa na trei yake, na iliyokosekana ilikuwa ya Kigingi peke yake. Tena chini, mahali pa pakiti za barafu, palikuwa patupu.

"Sajenti, ungetaka mate haya yasipimike tena, ungefanyaje?"

"Ningechomoa waya nikaenda kunywa chai."

"Hata mimi. Lakini huyu kafunga mlango vizuri, kaacha waya mahali pake, na kabeba na barafu."

"Mwizi mstaarabu," sajenti alisema.

"Mwizi asiyetaka yaharibike. Hebu niambie, mtu anaiba kitu ili kisionekane, halafu anakitunza. Kwa nini?"

Sajenti alikuna kidevu akasema kwamba maswali ya namna hiyo ndiyo yaliyomfanya abaki sajenti.

Waliokuwa na ufunguo wa stoo walikuwa watu watatu: kocha, mtaalamu wa mate, na mshonaji anayetia viraka mavazi ya wachezaji. Mshonaji huyo ndiye mama mzazi wa Kigingi. Sajenti alimtoa kwenye hesabu papo hapo. Mama wa watu hajabanduka kwenye benchi la hospitali, alisema, atapata wapi moyo wa kuiba. Inspekta hakubishana naye.

Mkuu wa kituo ndiye hakutaka kungoja. Kabla ya saa ya chakula cha mchana aliagiza kocha akamatwe, na mwendesha mashtaka akapiga simu kusema anataka kumfikisha mahakamani juma likianza. Ikifika siku hiyo vichupa havijaonekana, kocha angesimama kizimbani mikono mitupu.

Kocha alikuwa mfupi mpana, masikio yamefinyangika kwa miaka ya kusuguliwa kwenye mikeka. Alikaa chumba cha mahojiano ameweka mikono juu ya magoti, ameinama kidogo, kana kwamba anasubiri refa.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Ukumbini."

"Na nani?"

"Peke yangu. Nilikuwa nafuta mkeka."

"Mpaka usiku?"

"Ulishakuwa safi. Nilikuwa nafuta tu. Nyumbani nilishindwa kwenda."

"Stoo uliingia?"

"Niliingia kuchukua ndoo. Sikugusa friza."

"Nani alijua kwamba polisi wanakuja kuchukua vile vichupa?"

Kocha alifikiri. Alisema walikuwa wamesimama kwenye korido ya hospitali, baba wa Kigingi anamfokea, na mtaalamu wa mate akaingilia kumtetea. Huyo mtaalamu alisema mbele yao wote kwamba vichupa vipo, polisi watavipima upya mpaka vinasaba, na ukweli utajulikana.

"Mbele yao nani?"

"Mimi. Yeye. Baba mtu na mama mtu. Hapakuwa na mwingine."

Kisha Inspekta akauliza lile lililokuwa likimkera tangu asome jalada.

"Mwalimu, mtoto amechakaa mbele yako. Hukumwona?"

Kocha alijibu kwa sauti ya chini.

"Nilimwona. Midomo imepasuka, macho yameingia ndani. Nikamuuliza, akasema yuko sawa. Nikatazama namba zake, nazo zikasema yuko sawa. Zamani, kabla ya hizi namba, ningemtupia viatu vyake nikamwambia nenda nyumbani kwa mama yako ukalale. Nilikuwa na macho, Inspekta. Nikaona aibu kubishana na maabara."

Inspekta alimwamini, na hilo lilimuudhi. Kumwamini mtu si ushahidi, na mwendesha mashtaka hakuwa mtu wa kulainishwa na huzuni ya mshtakiwa.

Mtaalamu wa mate alikuwa mwembamba, koti jeupe limempwaya. Wachezaji walimwita Bwana Mate kisogoni, na yeye alijua. Aliwapokea kwenye chumba chake kidogo ubavuni mwa ukumbi, akaanza kueleza kwa haraka ya mtu anayetaka kutakata.

Mwili ukifanyishwa kazi kupita uwezo wake, alisema, homoni ya mkazo hupanda, na zile kinga zinazolinda mdomo hushuka. Yote mawili yanaonekana kwenye mate. Damu ingesema hayo hayo, lakini nani atakubali kuchomwa sindano kila siku ya Mungu? Mate hayaumi. Sharti lake yawe ya kwanza ya asubuhi, mtu akiwa bado kitandani, kabla ya maji na kabla ya mswaki. Kila mchezaji huenda na kichupa nyumbani, anaweka mrija mdomoni, anaacha mate yateremke mpaka kwenye mstari wa buluu, halafu anakileta.

"Nipe kimoja," Inspekta alisema.

"Cha nini?"

"Nijaze."

Mtaalamu alimpa yeye kimoja na sajenti kimoja. Sajenti alifumba macho, akawaza wali aliouacha nyumbani, na muda si muda akavuka mstari wa buluu. Alikiinua kichupa chake juu kama mtu aliyeshinda kombe. Inspekta, ambaye tangu alfajiri hakuwa ameonja maji na alikuwa ameongea asubuhi nzima, alihangaika na mrija wake mpaka taya zikamuuma. Alichopata ni povu.

"Povu halihesabiwi," mtaalamu alisema kwa mazoea.

"Na anayeshindwa kufika mstarini?"

"Ninamrudishia. Nampa kichupa kingine, kile pungufu nakigandisha tu kwenye trei yake bila kukipima; mashine haisomi vizuri. Lazima niwe mkali, Inspekta, la sivyo kila mtu ataniletea tone."

"Kigingi alishawahi kurudishiwa?"

Mtaalamu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikiri kwamba kulikuwa na kipindi msichana huyo alileta nusu, akaleta robo, akaleta povu. Yeye akachoka. Siku moja alimwambia mbele ya wenzake kwamba kama hata kutema anashindwa, basi ataweza nini. Wenzake wakacheka.

"Baada ya hapo?"

"Alijirekebisha. Vikaja vimejaa."

"Na majibu yake?"

"Yakawa mazuri. Homoni imeshuka, kinga zimepanda." Alitabasamu kidogo kisha tabasamu likamwisha. "Nilifurahi sana. Nilidhani mpango wetu wa mazoezi umeanza kuzaa matunda."

Inspekta alikifunga kichupa chake chenye povu akakitia mkobani. Sajenti aliuliza kama ni kielelezo. Alimwambia bado ni mate.

Hospitalini daktari wa zamu aliwapa dakika chache kando ya mlango wa wagonjwa mahututi. Alikuwa mwanamke mwenye sauti kavu ya watu waliozoea kutoa habari mbaya. Kupitia kioo Inspekta alimwona msichana amelala katikati ya mipira na waya. Mabega yake yalikuwa mapana hata pale kitandani, na uso ulikuwa wa mtoto kabisa. Roho ilimuuma.

"Alikuwa anajinyima maji ili asizidi uzito wake," daktari alisema, "na huku anafanya mazoezi ya watu wawili. Hili si jambo la siku moja. Mdomoni ana vidonda vipya juu ya vidonda vya zamani. Alipoletwa, ulimi ulikuwa umegandamana na kaakaa."

Inspekta alitoa kile kichupa. "Mtu wa hali hiyo angeweza kukijaza hiki kwa mate? Asubuhi, kabla hajanywa kitu?"

Daktari alikigeuza kwenye mwanga, akaona mstari.

"Huyu? Angekitazama mpaka jua lizame."

Hapo ndipo kila kitu kilipokaa mahali pake kichwani mwa Inspekta, na hakufurahi hata kidogo. Msichana asiyekuwa na mate alikuwa akipeleka kichupa kilichojaa mate kila asubuhi. Basi yalikuwa ya mtu mwingine: mtu aliyekuwa karibu na kitanda chake anapoamka, na ambaye mwili wake umepumzika.

Baba alikuwa amekaa kwenye benchi la korido. Alikuwa mwokaji mikate, na unga ulikuwa bado kwenye nyusi zake. Inspekta alikaa pembeni yake, akamuuliza kama asubuhi huwa anamwona binti yake.

"Nitamwonea wapi? Mimi natoka giza halijaondoka, tanuri haliningojei. Mama yake ndiye wa asubuhi."

"Mama mwenyewe yuko wapi?"

"Kaenda nyumbani mara moja." Alitikisa kichwa. "Ndiyo zake tangu jana usiku. Namwambia kaa hapa, mtoto anaweza kuamka wakati wowote. Eti lazima akaangalie friza, umeme usije ukakatika. Mtoto yuko kwenye mashine, yeye anawaza friza. Watu tunachanganyikiwa kila mmoja kwa namna yake, afande." Halafu akakaza uso. "Yule kocha mmemfunga?"

"Yuko mahabusu."

"Aozee huko huko."

Sajenti alikuwa amesikia yote. Walipokuwa wakiteremka ngazi hakufanya utani wowote, na hilo kwake lilikuwa jambo la nadra.

"Afande," alisema mwishowe, "si tungemwachia mwingine kazi hii?"

"Nani?"

Sajenti akatangulia kwenda kwenye gari.

Nyumba ilikuwa vyumba viwili na jiko. Cherehani ilikaa dirishani ipate mwanga, na kando yake rundo la mavazi ya judo yenye kola zilizoraruka. Inspekta alimwacha sajenti nje. Mama Kigingi alimkaribisha kiti, akarudi kwenye cherehani yake, akashika kola na sindano kama mtu ambaye mikono yake haijui kukaa bure.

"Umeleta habari, Inspekta?"

"Habari bado, mama. Nimekuja kukuuliza."

"Uliza."

"Kigingi akiamka asubuhi, nani anakuwa naye?"

"Mimi."

"Kile kichupa anakijazia wapi?"

"Hapo kitandani kwake. Lazima kabla hajashuka."

"Anakijaza mwenyewe?"

Sindano ilisimama.

Inspekta alitoa kichupa mkobani akakiweka juu ya meza ya cherehani. Povu lilikuwa limekauka, limebaki doa tu chini. "Hiki nimejaribu mimi leo, nikashindwa. Na mimi si mgonjwa, wala sijinyimi maji."

Mama aliweka sindano kwenye kola, akaikunja ile kola vizuri, akainuka. Friza yao ndogo ilikuwa jikoni. Alitoa vilivyokuwa juu, akatoa pakiti za barafu, akafika chini kabisa. Alirudi amekumbatia furushi la vazi la judo lililokakamaa kwa baridi. Alilifungua mbele ya Inspekta. Trei ilikuwa nzima, vichupa vimesimama wima, kila kimoja kina jina kwa mwandiko wa msichana.

"Nililitia kwenye mavazi ya kushona," alisema. "Nikapita nalo getini mzigo kichwani. Wamezoea kuniona."

Inspekta alimwambia haki zake: kwamba anaweza kunyamaza, na kwamba atakachosema kitaandikwa. Mama akasema amenyamaza vya kutosha.

"Alikuwa anakaa hapo na mrija mdomoni anatetemeka. Machozi yanatoka, mate hayatoki. Akaniambia jana yake wamemcheka ukumbi mzima. Saa inakwenda, anachelewa, analia. Nikamwambia lete. Nikamjazia palipobaki. Ni mate tu, Inspekta. Mimi niliona kama mtoto aliyepungukiwa sukari ya kupeleka shuleni, unamwongezea ya nyumbani. Nilijua wanatafuta magonjwa, na mimi sina ugonjwa."

"Mara ngapi?"

"Ikawa ndiyo kawaida yetu. Mwanzo anatoa yake, namalizia mimi. Mwishoni hana hata tone. Nikawa natema yote."

"Hakuna aliyekueleza yanapimwa nini?"

"Nani anieleze mimi? Mimi ni wa kola."

"Ulijua lini?"

Mama alikaa chini. Sasa mikono yake ilikuwa imetulia.

"Pale hospitali. Yule bwana alimwambia mume wangu, mate ya mwanao yalionyesha mwili uliopumzika. Nikasimama pale pale nikaelewa kwamba ni mwili wangu anaousema. Mimi nimelala vizuri, nimekula, nimekunywa maji yangu. Kila asubuhi nimekuwa nikimwambia kocha mpige tena, bado ana nguvu."

Inspekta alikuwa ameshayasikia maungamo mengi katika kazi hii, ya watu waliolia na ya watu waliocheka. Aligundua kwamba ameacha kuandika.

"Halafu akasema polisi watapima vinasaba," mama aliendelea. "Nikamwangalia mume wangu anavyomtazama yule kocha. Miaka yote tuliyoishi sijawahi kumwona ana macho yale. Nikawaza, siku akigeuka kunitazama mimi hivyo, nitakwenda wapi? Na mtoto akiamka, aambiwe mama yako ndiye. Nikaenda kuvichukua nivimwage."

"Mbona hukuvimwaga?"

"Nilivifungua. Kile cha kwanza kabisa nikakishika juu ya sinki." Alikigusa kichupa kimoja kwa kidole. "Hivi vya mwanzo mna yake humu. Ni ya kwake mwenyewe, kabla sijamwongezea. Na siku hiyo daktari alikuwa ameniambia nijiandae kwa lolote. Sasa ninamwagaje, Inspekta? Kama angeniondokea, ningemwaga nini na nikabaki na nini?"

Inspekta alisogeza kiti, akamshika mkono. Haikuwa taratibu ya mahojiano, na hakujali.

"Kuna mtu yuko ndani kwa ajili ya jambo hili, mama."

"Najua. Nilikuwa nangoja mwanangu afumbue macho mara moja tu, anione, ndipo nije kwenu mwenyewe. Naapa ningekuja." Alifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha viraka. "Nikuulize kitu na wewe?"

"Uliza."

"Kama ningemwacha apeleke kitupu, wangejua anaumwa?"

Jibu la kweli Inspekta alikuwa nalo tangu asubuhi, na alilipima kabla hajalitoa. Angeweza kusema ndiyo, wangejua, na lingekuwa sahihi kwa mujibu wa vitabu. Lakini alikumbuka mtu aliyevaa koti jeupe akisema ninamrudishia.

"Hapana, mama. Wangemrudishia akajaze."

Mama alilia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu msichana aanguke. Sajenti alichungulia mlangoni, akarudi nje.

Vichupa vilipelekwa maabara ya polisi vikiwa bado vimeganda. Vinasaba vilisema kilekile alichosema mama: mwanzo msichana peke yake, kisha watu wawili, mtu na mzazi wake, mwishoni mzazi peke yake. Na vile vichupa vya mwanzo, vilivyokuwa na povu ambalo halikuhesabiwa, vilipopimwa kwa mashine nzuri zaidi vilionyesha mwili uliokuwa ukiomba msaada zamani. Mtaalamu wa mate aliitwa ayaone majibu. Aliyasoma akiwa amesimama, akaomba kiti, kisha akaomba kuondoa malalamiko yake ya wizi.

Mwendesha mashtaka alinung'unika siku nzima. Aliuliza kama mama anashtakiwa kwa kuiba mate yake mwenyewe, na kama ni hivyo mwenye mali ni nani. Inspekta aliandika kila kitu kama kilivyokuwa, hakuficha na hakupunguza, akamwachia yeye na sheria zake. Jalada la kocha likafungwa. Kwa lile la mama mwendesha mashtaka alisema atalitafakari, kwa sauti ya mtu anayetafuta kabati refu la kulisahau.

Msichana alifumbua macho mchana wa siku kocha alipoachiwa. Daktari alikuwa ameshawaambia wazazi kwamba figo zitarudi kidogo kidogo, lakini mashindano asahau kwa muda mrefu, na huenda kwa muda wote. Mama aliomba jambo moja: aseme mwenyewe, kabla mtu mwingine hajasema. Inspekta alimruhusu, akasimama dirishani kama sehemu ya ukuta. Baba alikuwa kwenye kiti pekee kilichokuwepo, kando ya kitanda, na alikuwa hajui bado.

Mama aliyasema yote akiwa amesimama. Hakujitetea. Alipofika kwenye friza, baba aligeuka akamtazama, na mama akaacha kuongea, akangoja.

Aliyesema ni msichana. Sauti yake ilikuwa kama karatasi inayokunjwa.

"Mama hakujua. Mimi nilijua."

"Walitufundisha siku ya kwanza mate yanapimwa nini. Nilijua mama akitema watasema nimepumzika. Nilipumzishwa mara moja, mwaka jana. Niliporudi nafasi yangu ilikuwa na mtu. Ilinichukua mwaka mzima kuirudisha." Alivuta pumzi. "Mama aliniuliza ni ya nini, nikamwambia wanahakiki tu kama tuna mafua. Nilimdanganya, baba. Usimtazame hivyo."

Inspekta aligeukia dirisha. Hilo hakuwa amelijua, wala hakuwa amelikisia, na mama naye katika maelezo yake yote hakuwa amelitaja. Alikuwa ameulizwa waziwazi kama kuna aliyemweleza, akajibu kwamba hakuna. Hata alipokuwa akijimaliza mwenyewe, bado alikuwa akimfunika mtoto.

Baba aliinuka. Alikuwa mtu mkubwa, na chumba kilionekana kidogo. Alikisukuma kiti mpaka nyuma ya mkewe, akamshika bega.

"Kaa," alimwambia. "Umesimama tangu juzi."

Mama akakaa. Baba akabaki wima nyuma yake, mkono haujaondoka begani, akatazama sakafu na kumuuliza Inspekta kama yule mwalimu ameshaachiwa. Inspekta alisema ameachiwa, na yuko korido, amekataa kuingia mpaka aitwe na wenye mtoto. Baba alikwenda mlangoni mwenyewe. Alifungua, akasogea pembeni.

Kocha aliingia viatu mkononi, mazoea ya mtu aliyeishi kwenye mikeka. Alisimama miguuni mwa kitanda, masikio yake yaliyofinyangika yamewiva.

"Mwalimu," msichana alisema, "nimechoka."

"Haya mwanangu," kocha akasema. "Basi pumzika."